Diwani Anabisha Hodi, Duluth

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Basi leo mimi ni kibaya: natembea
tangu saa tatu, mlango hadi mlango,
Mtaa wa Saba ukipanda kama ngazi isiyo na kishikio,
ziwa chini rangi ya sufuria kuukuu,
na theluji ya kwanza, Oktoba haijaisha,
inanipiga usoni kama mtu anayenidai.

Naitwa Verna Kuusisto. Diwani wenu, miaka minane.
Soksi mbili mguu wa kushoto, moja wa kulia:
kiatu cha kushoto kinavuja.

Mlango wa kwanza, mbwa tu.
Wa pili, pazia limesogea, likarudi.
Wa tatu, mzee Orville Desjarlais, kikombe mkononi,
haniambii karibu, wala haniambii ondoka.
Nikamuuliza habari za bomba.
Mabomba ya risasi, mia sita na kumi na mawili kata hii,
risasi iliyopiga miaka mia bila mlio,
ikilenga watoto kwenye birika na chupa ya maziwa.
Tuliyafukua. Waliniambia hakuna fedha;
nikauliza za uwanja wa magongo zilitoka wapi.
Kikao kiliisha saa nane ya usiku,
nikalala garini, nikaamka na shingo iliyopinda.
Orville akanywa funda.
"Maji sasa yana ladha ya maji," akasema.
Sijawahi kupewa nishani. Hiyo nimeivaa.

Na matingatinga ya theluji, mnakumbuka,
yalianzia huku juu kwa mara ya kwanza,
si kule ziwani kwenye majumba yenye nguzo.
Simu nilizopigiwa asubuhi ile! Nilizipokea zote.

Lakini msinisifu mno. Maktaba ya magharibi
hufungwa Jumapili kwa mkono wangu, huu hapa,
niliouinua siku ya bajeti, nikatoa vitabu
ili basi namba kumi na nne lisife.
Basi lipo. Huchelewa, lakini lipo.
Watoto wa Jumapili sijui huenda wapi.

Mlango wa tisa, Twyla Bergquist.
"Sheria yako ya wapangaji nzuri," akasema, "niliisoma yote.
Ilianza Januari mosi. Lyle wangu alitolewa
Desemba thelathini na moja, godoro juu ya theluji.
Wewe usiku ule ulikuwa wapi?"

Nilikuwa kwenye sherehe. Tulikuwa tunaipongeza sheria.
Sikumwambia.
Kisha nikamwambia.
Hakuufunga mlango. Alisimama tu,
joto la nyumba likitoka, likipotea
hewani kwa gharama yake.

Mpinzani wangu ana mabango, uso mpana kuliko mlango.
Anaahidi kodi nyepesi na barabara safi,
hajasema theluji ataipeleka wapi.
Mimi sina uso wa bango. Nina daftari,
limelowa pembeni, na ndani yake
mabomba mia na arobaini upande wa reli,
Jumapili za maktaba,
na siku moja, siku moja tu, iliyompita Lyle.

Kwa hiyo naomba Jumanne yenu.
Si shukrani; shukrani nikipewa nitalala.
Nipeni kura kama mnavyompa mtu mkopo
mkimjua hata jina la mama yake,
kisha mnidai hadharani, kwenye foleni ya dawa,
kanisani, nikiwa na mkate mdomoni.
Aliyekopa hana haya ya kubisha hodi.

Twyla alipokea karatasi yangu, hakuisoma.
Akaikunja mara nne, akaisokomeza
kwenye ufa wa dirisha, pale upepo ulipokuwa ukipiga mluzi.
Ukanyamaza.
Nimeandika jina lake daftarini, mbele yake
sikuweka ndiyo wala hapana.

Mlango wa kumi una kengele.
Haifanyi kazi. Nagonga kwa mkono.