Fremu za Kubuni

Januari, mtaa wa Bałuty, mjini Łódź.
Chumba cha chini ya ngazi, dirisha usawa wa viatu vya wapita njia.
Tuko wanne, kompyuta tatu,
na sahani ya pierogi zilizopoa
ambazo hakuna anayekumbuka ni za nani.

Ugomvi ni uleule wa Ijumaa iliyopita.

Żaneta anasema fremu thelathini zinatosha,
thelathini kwa sekunde, zilizotulia,
zinazofuatana kama watoto wa chekechea
walioshikishwa kamba moja wavuke barabara.
Jicho, anasema, si karani wa forodha.

Przemek anacheka hadi kiti kinalia.
Sitini ni sadaka, anasema,
mia na arobaini na nne ndiyo haki ya binadamu.
Alikopa mishahara miwili kununua kile kioo.
(Nilimjaribu. Akiwa msalani nilishusha hadi sitini.
Alirudi, akacheza saa nzima, akisifu.
Sijamwambia. Deni lake linaisha Agosti.)

Mimi nina kadi mpya.
Kadi yangu ikikosa picha, inakisia:
inachukua ya nyuma, inachukua ya mbele,
katikati inashona ya kwake,
na namba ya kijani pembeni inapanda,
tisini, mia, mia na ishirini,
nami kichwa kinanivimba
utadhani nimezaa.

"Si k-k-k..."

Bogumił. Mdogo wangu.
Żaneta anajua kungoja. Przemek anatazama simu.
Mimi, kwa mazoea ya miaka ishirini, namalizia:
"Si kweli? Namba hiyo hapo, isome!"

"Si kitu," anasema. "N-nilitaka kusema, si kitu
nilichokifanya mimi."

Kisha anaendelea, na hakuna anayekohoa.
Wastani, anasema, ni mwongo aliyevaa tai.
Nipe sekunde yenye picha mia,
tisini na tisa zipite mbio, moja ikwame mlangoni,
hiyo moja ndiyo nitakayofia.
Kwa siku n-naongea maneno elfu ngapi?
Watu wanakwenda nyumbani na lile lililokwama.
Na hizo zako za katikati, kaka,
ni laini, zinateleza, nazisifu,
ila hakuna kidole kilichozibonyeza.
Mkono wangu bado uko njiani
na kioo kinaniambia nilishafika.

Feni ya kadi inavuma. Nje viatu vinapita,
buti, buti, mbwa.

Duka la mikate, ana miaka saba,
pua yake imegusa kioo cha kabati.
"Nipe m-m-m," na mimi, mwepesi, mwema,
"Mkate! Anataka mkate!"
Mama akalipa. Tukala mkate.
Njia nzima alikuwa kimya, nami nikadhani ameshiba.
Ni leo tu, katika moshi huu wa sigara ya Przemek,
ninapokumbuka kwamba nyuma ya kile kioo
palikuwa na makowiec, imekatwa vipande,
nyeusi kwa mbegu, nyeupe kwa sukari.

Nazima ukisiaji.
Namba inaporomoka: hamsini na mbili, arobaini, hamsini.
Ngome inatetemeka nikigeuka, maji yanaruka hatua.
Przemek anaziba macho kama aliyeona ajali.
"Ona," anasema Żaneta, "ungeifunga thelathini ingetulia,"
na Przemek anamjibu, na huyu anamjibu yule,
na juu yetu pani Halszka anagonga sakafu kwa fagio,
mara mbili, kimya, mara moja.

Bogumił amevuta kibodi kwake.
Anacheza vibaya. Anakufa kwenye daraja, anafufuka,
anakufa tena palepale, anatabasamu.
"Sasa," anasema, "sasa n-n-n..."

Ninalo neno. Liko ulimini, tayari,
lingekaa vizuri kabisa.
Nachukua pierogi moja, baridi, mafuta yameganda,
naitia mdomoni yote.

"N-n..."

Natafuna.