Milimita Kumi na Moja

Geukia ubavu wa kushoto, mama.
Taratibu, usiuharakishe mgongo.
Jeli ni baridi, najua. Hapa Temuco
mwezi wa Julai hata vitasa vya milango huuma.

Ercilia Ñancupil, miaka hamsini na minane,
mfumaji wa mablanketi, kutoka Lonquimay.
Kapanda basi saa kumi alfajiri, tumbo tupu kama alivyoagizwa,
na moshi wa kuni bado umo nyweleni mwake.
Ameniwekea mezani kifuko cha mbegu za peweni
zilizochemshwa usiku. "Zako hizo," akasema,
kabla sijamwambia lolote la kustahili shukrani.

Nasogeza kichwa cha mashine chini ya mbavu.
Ini linatangulia, kijivu, tulivu,
kama jivu lililochekechwa.
Kisha chenyewe: peasi jeusi lililojaa uchungu.

Jiwe ni rahisi. Jiwe hung'aa,
huburuta kivuli nyuma yake,
na mgonjwa akigeuka, nalo hubingirika.
Tope la nyongo pia husogea, ila kwa uvivu,
kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Hiki hakisogei.
Geuka tena, mama. Vuta pumzi. Izuie.
Kimeng'ang'ania ukuta.

Miaka kumi na tisa nakaa gizani na swali lile lile:
mpole, au mkali?
Mpole huning'inia kwa kikonyo chembamba,
mdogo, aghalabu na nduguze kando yake;
au hutupa nyuma mkia wa kimondo,
vicheche ambavyo ukiviona
mabega yako hushuka yenyewe.
Mkali hukaa kitako. Mpana, peke yake.
Huula mpaka wa kifuko na ini
hadi majirani wawili wawe shamba moja.
Si kila kinachokalia ini ni mpenzi.

Ndivyo tulivyofundishwa.
Lakini nimeona mpole mwenye sura ya muuaji,
na nimeona mkali aliyeketi kwa adabu,
milimita sita, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi.
Huyo alikuwa ndani ya shangazi yangu Nolfa.
Niliandika kwa mkono huu: arudi baada ya mwaka.
Mwaka ukarudi peke yake.

Naweka alama huku, naweka alama kule.
Mashine inaandika: 11.
Napima upya, nikijua natafuta tisa.
11.
Nawasha rangi. Uzi mwekundu, mmoja,
unaingilia chini, kwenye shina.
Uzi mmoja haufanyi blanketi.
Lakini hakuna blanketi lisiloanza na mmoja.

"Ni kizuri au kibaya?" anauliza dari.

Siruhusiwi kujibu, na hata ningeruhusiwa.
Namwambia Daktari Ormazábal atazisoma picha,
huenda akataka nyingine, za mashine kubwa,
na dawa ya kung'arisha damu kwenye mshipa wa mkono,
tuone kama kinawaka haraka na kuzimika haraka.
Simwambii kwamba hata hapo
neno la mwisho huwa la kisu, na la darubini.

Anajifuta jeli mwenyewe, kwa karatasi tatu.
"Mimi nikinunua kazi ya mtu," anasema,
"naipindua. Nazitazama nyuzi za nyuma.
Mbele, kila mfumaji ni hodari."

Natamani kumwambia kwamba mimi sina cha kupindua.
Mimi husikiliza mwangwi
na kuuita picha.

Anafunga vifungo, anakosea kimoja, anaanza upya.

Naandika: uvimbe wenye kitako kipana, milimita 11,
hausogei, una damu. Mpaka na ini:
hapa vidole vinasimama,
hapa kuna kiwingu ambacho chaweza kuwa mafuta,
chaweza kuwa pumzi yake, chaweza kuwa jicho langu.
Naandika: haukuonekana vizuri.
Mahali pa tarehe ya kurudi, fomu inanipendekezea miezi sita.
Nafuta. Naandika: leo, asiondoke.

Namenya mbegu moja. Ina ujoto bado.
Mlangoni, mgonjwa wa pili ameshabisha hodi.