Nyuki Ndani ya Boksi

Wenye baa za Kirumba hawajawahi kulalamika.
Wao hupandisha sauti mpaka chupa zitembee mezani,
na chini ya kishindo hicho hata mwizi angepita na viatu vya chuma.
Aliyelalamika ni Leokadia, nesi wa zamu ya usiku,
anayeshuka kutoka Bugando alfajiri, miguu imevimba,
akaweka kanda kwa sauti ndogo, asiamshe watoto wa jirani.

"Fundi," akasema, "humu ndani kuna nyuki."

Nikacheka. Kisha nikatega sikio.
Kweli. Zzz, kavu, yenye meno.
Si ule mngurumo wa transfoma niliouzoea,
unaoguna kama mtu aliyeshiba ugali wa muhogo.
Huu ulikuwa na ncha.

Nikafanya tunachofanya mafundi wote akili ikigoma:
nikaongeza kapasita, kubwa kama kopo la maziwa.
Mngurumo ukapungua. Nyuki wakabaki.
Nikaongeza nyingine. Nyuki walewale,
na sasa wanasikika vizuri zaidi,
maana nimewafukuzia majirani.

Umeme ukakatika.
Nikabaki gizani, amplifaya wazi mapajani, pasi ikipoa,
nikaanza kuziwaza diodi.

Nne tu, nyeusi, kila moja na mstari mweupe shingoni.
Kazi yao ya ubawabu: nenda, usirudi.
Umeme unakuja unayumba, mbele, nyuma, mara hamsini kwa sekunde,
wao wanaupitisha upande mmoja.
Ndivyo tulivyofundishwa.
Lakini bawabu naye husinzia.
Umati unapogeuka, mlango bado uko wazi,
kufumba na kufumbua (hapana, chini ya hapo,
kope haijaanza hata kushuka)
na wachache wanapenya kurudi walikotoka.
Ndipo anashtuka, anaubamiza: pwaa!
Nyumba nzima inatetemeka,
nyaya za transfoma zinalia kama bati lililopigwa kokoto.
Mara mia kwa sekunde.

Na mimi muda wote nilikuwa najenga tangi la maji
kumtibu mtu anayebamiza mlango.

Umeme uliporudi sikununua kitu kikubwa.
Niling'oa wale wazee wanne,
nikaweka wengine wenye mkono mwepesi,
wanaowahi kufunga, na kufunga taratibu,
kama mama anayetoka chumbani mtoto akiwa ndiyo kwanza amelala.
Kwenye nyaya za transfoma nikachomea kapasita ndogo, punje ya dengu,
na rezista pamoja nayo ya kumeza mtikisiko,
kama yale matairi chakavu yanayoning'inia gatini Kamanga
ili feri iguse bila kupiga kelele.
Nikazisokota nyaya mbili mbili,
nikazipitisha mbali na pale sauti inapoingilia.
Elfu nne na mia tano, vyote.
Leokadia alidhani namdanganya.

Tukawasha bila kanda.
Nikapandisha sauti nusu, kisha zaidi ya nusu.

"Imewaka?"

Nikamwonyesha taa nyekundu.
Akainama mpaka kitambaa cha spika kikamgusa shavu,
na kwa kuwa hapakuwa na kitu humo
tukawasikia pimbi wakigombana kwenye mawe ya Mabatini,
juu ya kibanda changu,
na mtu wa nyumba ya tatu akikwangua ukoko wa sufuria.

Akaweka kanda yake. Kabla ya neno la kwanza
mwimbaji alivuta pumzi.
Leokadia akairudisha nyuma. Akaisikiliza tena.
"Miaka kumi na moja ninayo kanda hii," akasema,
"sikujua kwamba huyu mtu anapumua."

Alinipa noti ya elfu tano.
Nikamrudishia mia tano yake.
Hakuitazama; aliishika tu mkononi,
kichwa bado kimeegemea boksi.