Kalamu ya Risasi

Muhula wa kwanza niliandikisha mia moja arobaini na watatu.
Mwenyekiti wa bodi alipiga picha na foleni
ilivyopinda ukutani hadi kwa mama wa viazi karai,
nami nikagonga muhuri mpaka wino ukakauka.

Leo ni Jumatatu ya tatu ya muhula wa pili.
Nimehesabu vichwa madarasani,
nimehesabu ndara mlangoni mwa msikiti wa chuo,
mwisho nikaenda jikoni kwa Nyevu, ambaye hadanganyiki:
"Sahani tisini na moja, msajili. Na ukoko umebaki."

Fomu ya wizara ina safu tatu.
Yupo. Amehitimu. Ameacha.
Feni inaipeperusha, naikandamiza kwa stepla
kama anayemzuia mgonjwa asiinuke.

Ameacha ni neno la mlango uliobamizwa,
na mimi sikusikia mlango.
Nilisikia simu ikiita Gongoni, ikakatika, ikaita,
halafu Jumwa Kahindi, Umeme mwaka wa kwanza,
koo limemkauka kwa chumvi:
"Sijaacha, mwalimu. Nakusanya nauli.
Huku twalipwa kwa gunia."
Magunia mangapi, nikamuuliza, hufika Malindi?
Akacheka. Nikasikia koleo likianguka.

Swaleh Bwanaheri, aliyenisahihisha hesabu zangu mbele ya darasa,
analinda nyumba Casuarina; mwenyewe yuko Milano.
Anamwagilia maua, anamsalimu mbwa kwa Kitaliano.
"Mbwa ameshanizoea," alinieleza,
kwa sauti ya mtu anayetaja kifungu cha katiba.

Na Dama Karisa.
Dama hakwenda mbali, yuko Barani, dakika kumi kwa tuktuk.
Alijifungua mwezi wa nne,
na sheria za hosteli hazimjui mtoto.
Sheria hizo nilizichapa mimi,
kwa vidole hivi, usiku, stima ikikatika,
nikasahihisha hata mikato.

Mkuu ameniita. Amefunga mlango, amefungua dirisha.
Pesa za serikali huja kwa kichwa, amesema,
tukipungua mia, kozi ya Umeme inafungwa.
"Hao hamsini na wawili," akaangalia nje, kwenye uwanja wa voliboli
ambao wavu wake ameazima mtu wa harusi,
"waandike wapo."

Nimerudi na majina yangu kifuani.
Nikiandika wapo, nimewafanya mizimu inayolipiwa karo.
Nikiandika wameacha, nimewazika
na sanda wanaishona wao.

Nimechukua rula.
Nimechukua kalamu ya risasi, ile ya kutafuna,
nikapiga mstari wa nne pembeni mwa fomu, ukapinda kidogo,
na juu yake, kwa lugha ya mama yangu, si ya wizara:
Yuaja.

Nikaandika hamsini na wawili. Mkono ukaniuma.

Kisha nikatoa karatasi kuukuu stoo,
mitihani ya miaka tisa, na kiota cha panya.
Nyevu akaleta mkeka na ndoo, fundi akaning'iniza chandarua.
Hatukumwuliza mkuu. Mkuu amepita mara mbili
akijifanya anatafuta ufunguo.

Ijumaa fomu imerudi kutoka Nairobi:
safu haitambuliki, jaza upya, siku saba.
Nimeiweka chini ya stepla.

Maana saa nne asubuhi hiyo hiyo
Dama ameshuka tuktuk, mtoto mgongoni,
daftari ndani ya mfuko wa pampasi.
Hakunisalimu. Alisema amechelewa kipindi cha Mchungwa.
Mchungwa huingia saa tano, nikamwambia, kaa unyonyeshe.

Nimefuta neno moja kwa ufutio,
vumbi la risasi nikalipuliza mezani.
Hamsini na mmoja.

Mtoto ameishika rula, hataki kuiachia.
Yeye hana safu bado.