Fundi wa Spika

Mimi ndiye ninayeshika waya.
Vyama vyote hunikodi: bei moja, malipo kabla.
Spika mbili, mashine, jenereta ya akiba,
na kipaza sauti nilichokivika soksi ya mwanangu
kwa sababu wagombea hutema mate.

Jumatatu, Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani.
Mgombea Semkiwa Hauli kapanda meza.
"Mama zangu!" akaanza, nami nikapunguza besi.
"Mama zangu, ninyi ndio nguzo."
Nikaitazama nguzo ya umeme iliyo karibu nami:
imepigwa misumari, imebandikwa sura yake,
chini kafungwa mbuzi.
Ndiyo, nikasema moyoni. Nguzo.

Nilihesabu. "Mama" mara thelathini na moja,
na kila mara mama alitendewa:
atawezeshwa, atakopeshwa, atakumbukwa.
Hapakuwa na mahali mama alipotenda
ila pale alipozaa.

Kisha rangi ikaingia, kwa mlango wa uani.
"Sisi Tanga hatujui ubaguzi.
Mwarabu wetu, Mhindi wetu, Mmanyema wetu"
(wetu, wetu, kama anayehesabu kuku)
"lakini, ndugu zangu, mwenyeji ni mwenyeji.
Mgeni hapewi ufunguo wa nyumba."
Watu wakacheka. Hakutaja jina.
Shingo zikageuka zenyewe upande wa Chumbageni,
anakokaa Thuweba.

Bibi yangu mimi alikuja na lori la manamba,
chale usoni, kipande mfukoni.
Alikata mkonge miaka ishirini na minne,
akafa akiitwa wa kuja.
Sikugeuza shingo.
Nikaongeza sauti kidogo, makusudi,
mpaka spika ikapiga yowe.
"Fundi!"
"Samahani, mheshimiwa. Upepo."

Alhamisi nikawa kwa Thuweba.
Msidhani nitamsifu.
Asubuhi, mbele ya maduka ya vitambaa,
alimtaja babu yake wa Kachi aliyeshuka na cherehani moja.
Alasiri, Makorora, babu alikuwa amepotea
pamoja na cherehani yake;
sasa alikuwa mjukuu wa bibi wa Kibondei tu,
na mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi.
"Wananiita chotara," akasema, na sauti ikatetemeka
palepale ilipotetemeka asubuhi.
Najua. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe.

"Mimi kama mama..."
Umeme ukakatika.

Jenereta ikakohoa, ikagoma.
Akabaki juu ya meza, mdogo ghafla,
midomo ikienda, maneno yakiishia safu ya pili.
Ndipo Bi Hadia, muuza viazi,
akasema bila hata kusimama:
"Choo cha sokoni, kile cha wanawake,
mlango uling'olewa tangu Mfungo Sita.
Tunakwenda wawili wawili,
mmoja anaingia, mmoja anashika kanga.
Hilo nalo limo humo kwenye karatasi?"

Thuweba akaitazama karatasi, akaitazama kweli,
akaigeuza na upande wa pili.
"Halimo."
Kisha: "Kanga anashika nani?"
"Yeyote aliye karibu. Juzi alinishikia mke wa Mhindi wa viungo,
na mimi nikamshikia Mmakonde wa ndizi.
Ukibanwa, mwanangu, huulizi mtu kwao wapi."

Walicheka hata vijana wa baiskeli kule nyuma.
Thuweba naye alicheka, kicheko kibaya, cha puani,
ambacho sikuwahi kukisikia kwenye spika zangu.
Kama aliandika, sijui. Kalamu sikuiona.

Umeme ukarudi.
Akakigonga kipaza mara mbili.
"Mama zangu," akasema, halafu akanyamaza,
akanigeukia mimi
kana kwamba neno jingine ninalo
humu ndani ya kisanduku cha fyuzi.

Sikuwa nalo.
Nikatazama saa. Walilipia mpaka kumi na mbili.
Nikampandishia sauti.