Vizibo

Vizibo vya soda, nimeviokota kwa Saumu wa genge,
nikavibandika karatasi, nikaandika kwa wino wa bluu:
*na, ya, kwa, hapa, sisi, leo.*
Tunavirusha kama mdako.
Ukikisoma, chako.

Mhina wa Makorora alinifilisi wiki nzima.
"Kwa!" kizibo hakijatulia bado.
"Hapa!" Mfuko wa kaptula unalia kama njuga.
Nikampelekea mama yake habari njema.

Kumbe mtoto alikuwa anasoma kutu.
Cha *kwa* kimepinda ukingo,
cha *hapa* kina alama ya jino,
cha *sisi* kinanuka tangawizi.
Nilipoleta vipya, akavigeuzageuza kimya
kama muuza duka aliyepewa noti ya bandia.

Sikusema kitu. Tukarusha. Tukarusha tena.
Akafungwa na Kibibi, akafungwa hata na mimi.

Alhamisi, mapumziko, nyuma ya karakana,
namkuta kaptula nusu, ameganda mbele ya ukuta.
"Mwalimu! Hapa! Wameandika *hapa*!"

Neno la mbele yake hatujalicheza bado.
Nikamsomea mimi: *Usikojoe.*
Akafunga kifungo mbio,
macho bado ukutani,
kizibo kikubwa kile
kisichoingia mfukoni.