Mshika Simu

Holo alianza saa mbili asubuhi, Mwaloni Kirumba,
kavaa gauni la gugumaji alilolishona usiku kucha,
bichi, zito, linachuruzika ziwa
mpaka kwenye vidole vya miguu.
Kazi yake: kusimama.
Kazi yangu: kushika simu.

Mubashara, Shija, aliniambia, hakuna kufuta.
Ukipiga chafya, dunia imesikia.
Dunia ilikuwa watu kumi na wanne.
Mmoja Ureno, mmoja Bukoba,
mmoja najua ni mama yake, kule Magu,
kaazima simu ya mwalimu
aone mwanawe anafanya nini mjini.

Saa nne jua likaanza kulila gauni.
Majani yakajikunja, maua ya zambarau
yakafumba moja moja, kama yanaona aibu.
Holo hakutikisika. Inzi alimtua mdomoni,
akatembea, akamaliza shughuli zake, akaondoka.

Kisha Mama Ng'walu akapita katikati yetu
na ndoo na reki, bila hodi,
akamwaga dagaa, akatandaza, akafukuza kunguru kwa kanga,
akamtazama Holo juu mpaka chini.
"Mimi nasimama juani mwaka wa ishirini na sita.
Nani kanipiga picha?"

Nikageuza simu.
Sikutumwa; mkono wenyewe uligeuka.
Kumi na wanne wakawa arobaini,
arobaini wakawa tisini na mmoja,
wanamtazama mtu anaanika dagaa,
naye hana habari, anakung'uta mchanga,
anatoa wimbo puani, anatukana kunguru kwa Kisukuma safi.

Niliporudi kwa Holo gauni lilishakuwa la kahawia,
limepanda juu ya magoti,
linalia kwa sauti ndogo, kama karatasi, upepo ukipita.

Saa sita kasoro bando likaisha.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Ureno ikaenda. Bukoba ikaenda. Magu.
Duka la vocha lilikuwa hatua themanini,
lakini ningeshusha mkono, naye angeuona ukishuka.

Sikwenda. Sikumwambia.
Nilisimama na simu juu, haimpelekei mtu kitu,
bega linawaka, jasho machoni,
saa moja, na nyingine ikaanza.

Mama Ng'walu kageuza ndoo, kaikalia,
kidevu mkononi, anatazama.
Hamtazami Holo.
Ananitazama mimi.